Jinsi Mafuta Yanavyotoka Katika Nazi

1. Nilipokuwa mtoto, kwetu pwani, mama yangu alikuwa akitengeneza mafuta ya nazi na kuyauza, na fedha hiyo ndiyo iliyolipa ada yangu ya shule. Siku moja alikuna nazi ishirini, akatia maji ya vuguvugu, akakamua kwa kifumbu, akajaza tui chungu kizima. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi nakwenda matangani. Lifunike tui hili, uliache lilale hata kesho; nikirudi nitaliengua."

2. Lakini kesho yake ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya kupeleka ada. Nikaona kungoja ni kupoteza wakati. Nikakoka moto mkubwa, nikaliteleka tui. Likafura, likamwagika, na lililobaki likashika chini ya chungu likaungua. Mafuta niliyoyapata yalikuwa machache, meusi, tena yananuka moshi, wala hapana aliyetaka kuyanunua. Mama aliporudi hakunipiga. Alisema tu, "Tui lina kazi yake usiku, nawe hukuliacha liifanye." Nikakaa nyumbani majuma mawili, mpaka zilipopatikana nazi nyingine.

3. Je, wanafunzi, kazi hiyo ya usiku ni kazi gani? Yafaa mjue kwanza mafuta yamekaa wapi. Nyama ya nazi mbichi, karibu theluthi yake kwa uzito ni mafuta. Nayo yamefungwa mara mbili. Kifungo cha kwanza ni kuta za seli, yaani vijumba vidogo mno ambavyo nyama yote ya nazi imejengwa kwavyo. Tukuniapo nazi twavunja kuta hizo, lakini si zote. Ndiyo sababu machicha hubaki na mafuta ndani yake. Kifungo cha pili kimo katika tui lenyewe. Kila tone dogo la mafuta limevikwa utando mwembamba wa protini, na utando huo huyazuia matone yasiungane.

4. Tui likilala, matone huelea juu, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Wakati huo huo vijidudu visivyoonekana kwa macho huingia na kulichachusha. Ule uchachu, pamoja na vitu viitwavyo vimeng'enya, hulegeza utando. Basi matone huanza kuungana, na asubuhi moto mdogo watosha kumaliza kazi.

5. Vimeng'enya ni nini? Jina latokana na kumeng'enya, maana ndivyo vinavyovunja chakula tumboni mwetu. Vyatoka katika viumbe vyenye uhai, lakini vyenyewe havina uhai. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira, akakamua maji yake; na maji hayo, ingawa hayakuwa na hamira hai ndani yake, yaliichachusha sukari. Tena kila kimeng'enya kina kazi yake. Kimoja huvunja kuta za seli, kingine huvunja protini. Hupenda joto la kadiri. Lakini maji yakichemka sana, vingi huharibika.

6. Mpishi akitaka kulainisha nyama ngumu huipaka papai bichi. Utomvu wa papai una kimeng'enya kinachovunja protini, kiitwacho papaini. Wataalamu wamekitia katika tui, nacho huuvunja ule utando na kuyaachilia mafuta.

7. Njia hii yafaa hata kwa karanga, alizeti na mbegu nyingine. Mbegu husagwa, hutiwa maji na vimeng'enya, hukorogwa katika joto la kadiri kwa muda wa saa kadhaa. Kisha mashine izungukayo kwa kasi hutenga mafuta, maji na mashapo. Viwanda vingi vikubwa hutumia heksani, kitu cha majimaji kitokacho katika petroli, ambacho huyayeyusha mafuta na kuyatoa katika mbegu. Heksani hutoa mafuta karibu yote, lakini hushika moto upesi sana, na mvuke wake wadhuru wafanya kazi. Maji hayana hatari hiyo. Hata hivyo njia ya maji ina taabu zake: vimeng'enya ni ghali, na mara nyingine mafuta na maji hushikana kama tui, yakawa magumu kutengana.

8. Basi, mtoto akiambiwa aliache tui lilale, asidhani kwamba tui limekaa bure. Mama yangu hakulijua neno kimeng'enya, lakini kazi yake aliijua vema. Mimi nililijua neno hilo chuoni, baada ya miaka mingi, nikakumbuka chungu kile kilichoungua.

Maswali

1. Mafuta ya nazi yamefungwa kwa vifungo gani viwili?
2. Kwa nini machicha hubaki na mafuta?
3. Buchner alionyesha nini kwa maji ya hamira?
4. Papai bichi hulainishaje nyama?
5. Taja faida moja na taabu moja ya kutoa mafuta kwa maji.
6. Gawanyeni tui katika vikombe viwili. Kimoja kiacheni kilale usiku kucha. Cha pili kichemsheni kwanza kwa muda mrefu, kisha kiacheni vivyo hivyo. Asubuhi andikeni tofauti mnazoziona.