"Mmeelewa?" Somo la Kujitambua Nililopewa na Kidato cha Pili

Msimu wa uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ukifika, kuta zote zinajaa mabango. Kila mgombea ni mchapakazi, ni msikivu, ni mtetezi wa wanyonge. Sijawahi kuona bango limeandikwa, "Mimi nikikosolewa nanuna." Lakini wanaonuna tunawajua, na baada ya uchaguzi tunakaa nao mwaka mzima. Wala siyo kwamba wanatudanganya. Wengi wao kwa kweli hawajijui.

Nasema hivi kwa sababu na mimi nilikuwa hivyohivyo, mpaka nilipokwenda Kibaha kwa mazoezi ya kufundisha. Kibaha ndiko iliko Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, pale Kwa Mfipa, iliyofunguliwa mwaka 2022. Geti lile sikulipita. Somo langu la uongozi nililipata kwenye sekondari moja ya kawaida, mbele ya wanafunzi 70 wa Kidato cha Pili.

Nilijiona mwalimu mzuri sana. Sichapi, natania, na kila nikimaliza mfano wa hesabu nauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Natoka kifua mbele. Tulipofanya jaribio, zaidi ya nusu wakafeli. Nikalaumu uvivu, nikalaumu simu, nikalaumu msingi mbovu wa shule za msingi. Kila kitu isipokuwa mimi.

Wiki ya mwisho nikawagawia vipande vya karatasi. Waandike bila jina jambo moja niendelee nalo na jambo moja niache. Nilitegemea sifa, niseme ukweli. Nilizifungua nikiwa Maili Moja nasubiri gari. Ya kwanza: "Mwalimu ukiuliza mmeelewa unakuwa umeshaanza kufuta ubao." Nyingine: "Unauliza swali halafu unajijibu mwenyewe." Nyingine tena: "Unawajua majina wa mbele tu."

Unajua nilifanya nini? Nilianza kuchunguza mwandiko ili nijue nani kaandika ile ya ubao. Nilikuwa nimewaahidi kuwa ni siri, na hata robo saa haijapita natafuta mtu! Hapo ndipo niliposhtuka. Maneno yao yalinionyesha udhaifu wangu darasani, lakini namna nilivyoyapokea ilinionyesha udhaifu mkubwa zaidi.

Dirisha la Johari

Wahenga walishasema kinyozi hajinyoi, na nyani haoni kundule. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, walilichora jambo hilo mwaka 1955. Mchoro wao unaitwa Dirisha la Johari. Usidhani ni johari ile ya kito, ni majina yao tu, Joe na Harry, yameunganishwa.

Dirisha hilo lina vioo 4. Kioo cha kwanza ni mambo yako unayoyajua na wenzako wanayajua. Cha pili, unayoyajua wewe ila umewaficha. Cha tatu, wanayoyaona wenzako ila wewe huyaoni. Cha nne, ambayo bado hakuna aliyeyajua. Ubao wangu ulikuwa kwenye kioo cha tatu. Darasa zima liliona, mimi nikiwa nimelipa mgongo.

Sasa, tunaambiwa kujitambua ni kukaa peke yako ukatafakari. Kutafakari kunafaa, lakini kioo cha tatu hakifunguki kwa njia hiyo. Lazima mtu mwingine akuambie. Na cheo kadiri kinavyopanda, wanaothubutu kukuambia wanapungua. CR anaambiwa na rafiki zake. Rais anaambiwa na nani?

Rais aliyeambiwa

Mwaka huohuo wa 1955 mwalimu mmoja wa Pugu, jirani na Kisarawe, aliacha kazi ya kufundisha ili aongoze TANU. Ilipofika Oktoba 22, 1966, Julius Nyerere alikuwa Rais, na wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam wakaandamana hadi Ikulu. Walikuwa wanapinga mpango wa kuwapeleka wasomi Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2 huku wakilipwa sehemu tu ya mshahara. Wakahoji pia mishahara minono ya wakubwa serikalini. Lugha ilikuwa kali. Wapo walioandika kwenye mabango kwamba ukoloni ulikuwa afadhali.

Nyerere alikasirika, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Lakini palepale alikubali kwamba kuhusu mishahara wana hoja, akapunguza wa kwake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha.

Mimi hapo najifunza mambo mawili. Kwanza, neno likikuchoma haina maana kwamba ni uongo. Mtu anaweza kukosea upande mmoja na kupatia upande mwingine, na kazi yako ni kuichukua ile sehemu ya kweli. La pili hatulisemi sana, nalo ni kwamba waliosema walilipia. Wengi waliruhusiwa kurudi masomoni baadaye, sawa, lakini aliyeona wenzake wakifungasha mizigo atafikiri mara mbili kabla hajasema tena. Mimi sina cheo na nilikuwa natafuta mwandiko. Ningekuwa na mamlaka je?

Zoezi la wiki hii

Kama wewe ni CR, mbunge wa wanafunzi au kiongozi wa kikundi cha majadiliano, jaribu hivi:

1. Uliza jambo mahususi. Ukiuliza "mnanionaje?" utajibiwa "uko poa." Uliza, "Kwenye kazi ya kikundi iliyopita, nilifanya nini kilichowakwamisha?"

2. Waache waandike bila majina, na mwenzako akusomee karatasi kwa sauti. Hapo mwandiko hutauona.

3. Usijitetee siku hiyo. Sema asante, nenda kalale nayo.

4. Badili jambo moja linaloonekana, kisha waambie limetokana na wao.

Mimi nilibakiwa na siku tatu tu. Badala ya "mmeelewa?" nikaweka chaki mezani na kuomba mmoja aje afanye swali. Akaja binti wa dawati la nyuma kabisa, ambaye hata jina lake sikulijua. Alipofika hatua ya pili, akahamisha namba upande wa pili wa alama ya sawasawa bila kubadili alama yake. Nikauliza nani angefanya kama yeye. Mikono zaidi ya 30 ikanyooka.

Wiki zote zile, hatua hiyohiyo ndiyo niliyokuwa naifuta.