Mpangaji wa Nyumba ya Umma na Nafasi Yake katika Kupanga Huduma

Nyumba ya umma ni nyumba ambayo mmiliki wake si mtu binafsi, bali ni chombo kilichoundwa kwa ajili ya wananchi, kama vile halmashauri, Shirika la Nyumba la Taifa au Wakala wa Majengo Tanzania. Mwalimu anayeishi katika nyumba ya halmashauri karibu na shule, muuguzi aliyepewa nyumba ya zahanati na mfanyabiashara aliyepanga nyumba ya Shirika wote wamo katika kundi hili. Kwa kawaida mpangaji wa namna hii hutazamwa kuwa mpokeaji tu: hulipa kodi ya pango, hukaa, na jambo likiharibika husubiri fundi. Somo hili linaeleza kwa nini mtazamo huo haukamiliki, na ni hatua zipi ambazo mpangaji anaweza kuzifuata ili sauti yake ifike mahali uamuzi unapofanyika, tena ifike kabla uamuzi haujapitishwa.

Msingi wa haki hii

Ushiriki wa mpangaji si hisani ya ofisi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 21(2), inampa kila raia haki na uhuru wa kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Ibara ya 146 inaeleza kuwa madhumuni ya kuwapo kwa Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Nyumba anamoishi mtu, maji anayokunywa na mtaro unaopita mlangoni pake ni miongoni mwa mambo yanayomhusu kuliko mengine yote.

Zipo pia sababu za kiutendaji. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhandisi hukagua jengo mara chache kwa mwaka, lakini mpangaji huliona kila siku, wakati wa masika na wakati wa kiangazi, usiku na mchana. Yeye ndiye anayejua ni kona ipi ya paa huvuja mvua ikipigwa na upepo, na ni saa ngapi maji hukatika. Maarifa haya yakikosa njia ya kufika ofisini, fedha za ukarabati hutumika mahali pasipostahili.

Malalamiko na ushiriki si kitu kimoja

Wapangaji wengi huamini kwamba wamekwisha kushiriki wanapolalamika. Malalamiko ni haki na hayana budi kupokelewa, lakini huhusu jambo lililokwisha kuharibika, na mara nyingi huhusu nyumba moja. Ushiriki huangalia mbele na huhusu nyumba zote. Mpangaji anayeripoti bomba lililopasuka amelalamika. Wapangaji wanaoomba bajeti ya mwaka ujao itenge fedha za kubadilisha mabomba yaliyochakaa wameshiriki.

Ushiriki wenyewe una vidato. Mwaka 1969 mtaalamu wa mipango wa Marekani, Sherry Arnstein, aliuelezea kwa mfano wa ngazi yenye vidato vinane. Kwa matumizi ya kata, vidato vitatu vinatosha. Cha kwanza ni kuarifiwa: wapangaji wanaambiwa kuwa ukarabati utaanza tarehe fulani. Cha pili ni kuulizwa: wanatoa maoni, ingawa ofisi inaweza kuyaacha. Cha tatu ni kuamua pamoja: wawakilishi wa wapangaji wanakaa mezani orodha ya kazi inapopangwa, na maoni yao yanaandikwa katika muhtasari. Mpangaji anapoitwa kikaoni, ni vyema aulize tangu mwanzo kikao hicho kipo kwenye kidato kipi. Swali hilo huondoa matumaini ya bure na huwazuia viongozi kuita taarifa ushirikishwaji.

Kumjua mwenye jukumu

Hoja nzuri ikipelekwa kwa ofisi isiyohusika hupotea. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujua nani anawajibika kwa nini. Kuta, paa, ngazi na karo la maji taka ni jukumu la mmiliki wa jengo, isipokuwa mkataba wa pango umesema vinginevyo. Umeme ni wa TANESCO. Maji vijijini husimamiwa na RUWASA pamoja na vyombo vya watumia maji, na mijini na mamlaka ya maji ya eneo husika. Barabara za wilaya na mitaro yake ziko chini ya TARURA. Taka ngumu na afya ya mazingira ni kazi ya halmashauri. Mtumiaji wa umeme au maji asiporidhika na majibu ya mtoa huduma, anaweza kuomba msaada wa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji.

Mkataba wa pango usomwe na kila mwanakaya aliye mtu mzima. Huko ndiko yanakoandikwa matengenezo yanayomhusu mpangaji, yanayomhusu mmiliki, na muda wa kutoa taarifa.

Mfano wa kazi: karo la maji taka

Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba jengo moja lina kaya kumi na mbili zinazotumia karo moja. Karo linafurika. Kila kaya inapiga simu kwa wakati wake, gari la kunyonya maji taka linakuja, na baada ya wiki kadhaa harufu inarudi. Watoto wanacheza karibu na maji hayo, na kila mtu anajua kwamba kipindupindu hakihitaji mwaliko mwingine.

Wapangaji wa jengo hilo wakikutana, wanaweza kuchagua watu watatu na kufungua daftari. Ndani ya daftari kila tukio linaandikwa kwa safu tano: tarehe, kasoro iliyoonekana, aliyepewa taarifa, jibu lililotolewa, na siku kasoro ilipoondolewa. Baada ya miezi minne daftari linaonyesha kwamba gari limeitwa mara tatu. Sasa wapangaji hawana tena manung'uniko, wana hoja. Wanaweza kumwomba mmiliki alinganishe gharama ya kuita gari mwaka mzima na gharama ya kuchimba karo la pili, na wanaweza kumwomba afisa afya wa kata akague na kuandika taarifa yake. Daftari la shilingi chache limebadilisha mazungumzo: swali la nani ana kelele zaidi limeondoka, na limebaki swali la matumizi bora ya fedha.

Kamati ya namna hii haihitaji kuanza na katiba ndefu. Inahitaji orodha ya kaya zote, mwenyekiti, katibu anayeandika vizuri, siku maalumu ya kukutana, na utaratibu wa kurudisha taarifa kwa wapangaji wote. Kamati ikianza kukusanya michango, hapo ndipo iweke mtunza hazina, stakabadhi na hesabu zinazosomwa hadharani, na iombe ushauri wa afisa maendeleo ya jamii kuhusu usajili.

Vikao na kalenda

Hoja iliyoandaliwa hupelekwa kwenye vikao vinavyotambuliwa kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, nao hupaswa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Mpangaji ni mkazi kama wengine, na hapaswi kunyamaza kwa sababu hana kiwanja. Juu yake ipo Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Juu zaidi lipo Baraza la Madiwani, ambalo mikutano yake ya kawaida hufanyika kila robo mwaka na iko wazi kwa wananchi kusikiliza.

Muda ni muhimu kama hoja yenyewe. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini fedha zake hupangwa mapema zaidi. Vipaumbele vya vijiji na kata hukusanywa katika miezi ya mwisho ya mwaka unaotangulia, na halmashauri hujadili rasimu ya bajeti mwanzoni mwa mwaka. Ombi linalofika mwezi Mei hukuta mlango umefungwa, hata likiwa na haki yote. Kamati ya wapangaji inayofunga hesabu ya daftari lake mwezi Septemba na kuwasilisha vipaumbele vitatu mwezi Oktoba imefika wakati wino haujakauka. Vipaumbele viwe vitatu, visiwe kumi na vitano, kwa sababu orodha ndefu humpa mpangaji wa bajeti nafasi ya kuchagua lililo rahisi na kuacha lililo la lazima.

Haki ya kupata jibu

Barua ipelekwe kwa nakala mbili, na nakala inayobaki kwa wapangaji igongwe mhuri wa kupokelewa. Pale ambapo taarifa inahitajika, kwa mfano kiasi kilichotengwa kwa ukarabati au ripoti ya ukaguzi wa jengo, raia anaweza kuiomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaitaka taasisi kujibu ndani ya siku 30. Taasisi nyingi za umma pia zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja unaotaja muda wa kushughulikia kila ombi. Mpangaji anayenukuu muda huo kwa upole hupata jibu mapema kuliko anayepaza sauti mapokezi.

Wasiosikika

Kamati inaweza kuwa na mihuri yote na bado isiwakilishe watu. Mkutano wa saa nane mchana huwaacha wauzaji wa sokoni. Mkutano wa usiku huwaacha akina mama wenye watoto wachanga. Mkutano unaofanyika ghorofa ya juu humwacha mzee na mwenye ulemavu wa miguu, ambao ndio wanaoijua ngazi mbovu kuliko wote. Aidha, mkataba mara nyingi huwa na jina la mtu mmoja katika kaya, ilhali anayeteka maji na kuishi na moshi wa jikoni ni mwingine. Ni vyema kila kaya ihesabiwe kwa wakazi wake na si kwa jina la mkataba peke yake, na wawakilishi wachache wapite mlango kwa mlango kabla ya kila kikao kuwauliza wasioweza kufika.

Mifano miwili ya kujifunza

Mjini Dar es Salaam, wakazi wa Magomeni Kota waliondolewa katika nyumba za zamani ili eneo lijengwe upya. Walikuwa kaya 644. Kwa miaka kadhaa ya kusubiri walibaki na uongozi wao na idadi yao ilijulikana, hata wakati walikuwa wametawanyika katika nyumba za kupanga sehemu mbalimbali za jiji. Majengo mapya yaliyojengwa kwa ajili yao yalizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2022. Somo lake ni kwamba wapangaji wanaojulikana kwa idadi na kwa uongozi ni vigumu kusahaulika.

Mfano wa pili ni wa huzuni, na unatoka nchi yenye mabaraza ya nyumba za umma ya muda mrefu. Tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell Tower jijini London, lenye ghorofa 24, liliungua na watu 72 walipoteza maisha. Kikundi cha wakazi kilikuwa kimeandika mara kwa mara kuhusu hofu yao ya usalama wa moto kabla ya siku hiyo. Maneno yalikuwepo, barua zilikuwepo, lakini hapakuwa na nguvu ya kumlazimisha msimamizi kuzichukulia kwa uzito. Mwaka 2023 Uingereza ilipitisha sheria mpya ya usimamizi wa nyumba za umma, na wamiliki wakubwa wa nyumba hizo wakatakiwa kupima na kutangaza kila mwaka kiwango cha kuridhika kwa wapangaji wao. Hatua hiyo ni njema, lakini ilikuja baada ya makaburi. Ndiyo maana hoja ya usalama haipaswi kuachwa ikae kwenye sanduku la maoni. Ipelekwe kwa maandishi, irudiwe kwenye ngazi inayofuata, na ifuatiliwe mpaka ipate jibu.

Mipaka na wajibu

Kushiriki hakumfanyi mpangaji kuwa mmiliki, wala hakumwondolei wajibu wa kulipa kodi kwa wakati, kutunza jengo na kuheshimu majirani. Kamati inayotetea wasiolipa bila sababu hupoteza uzito wake siku ya kuzungumzia paa. Kwa upande wa pili, mmiliki anayechukua kodi na kukataa kusikiliza hujinyima mkaguzi asiyemlipa mshahara. Si kila ombi litakubaliwa, kwa sababu fedha hazitoshi kwa yote. Lakini ombi linalokataliwa linastahili sababu iliyoandikwa, ili wapangaji wajue kama warudi nalo mwakani au watafute njia nyingine.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, kila kaya katika jengo au eneo lenu ina nakala ya mkataba wa pango, na imeusoma?

2. Kasoro tatu zilizojirudia zaidi katika miezi sita iliyopita ni zipi, na kila moja ni jukumu la ofisi gani?

3. Mara ya mwisho mlipoitwa kikaoni, mliarifiwa, mliulizwa au mliamua pamoja? Muhtasari wake uko wapi?

4. Ni nani katika eneo lenu ambaye hajawahi kufika kikaoni, na ni kitu gani kinamzuia?

5. Mkutano mkuu wa kijiji unaofuata ni lini, na nani ataisimamisha hoja yenu?