Kupeleleza Habari za Dini Katika Zama za Intaneti



Misigiri ni pale ambapo njia ya Kiomboi inaachana na barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Magari husimama hapo kabla ya kuuteremka mlima wa Sekenke, na wauzaji huyakimbilia na madumu ya mafuta ya alizeti, vitunguu na kuku. Miongoni mwa wauzaji hao yumo kijana mmoja aliyeingia katika Uislamu miaka michache iliyopita. Jioni moja alinijia baada ya sala ya Magharibi, ijapokuwa mwenyewe hakusali pamoja nasi, akaniuliza: "Sheikh, ile habari ya Armstrong uliyonisimulia, uliitoa wapi?"

Huenda nawe umepata kuisikia habari hiyo. Husemwa kwamba Neil Armstrong, Mmarekani wa kwanza kukanyaga uso wa mwezi katika Julai 1969, alisikia kule juu sauti asiyoijua. Na baadaye, aliposikia adhana katika mji mmoja wa Waislamu, akatambua kwamba ndiyo ile ile, akasilimu. Mimi niliisikia katika kanda nilipokuwa mtoto. Nilimsimulia kijana huyu katika siku zake za kwanza za kuuliza habari za dini, kwa sababu niliona jinsi ilivyompendeza, wala sikuipeleleza. Sasa yeye alikuwa ameipeleleza kwa simu yake ya mkononi, ameketi juu ya dumu akingojea basi. Akaona kwamba Armstrong mwenyewe aliikanusha, na kwamba katika Machi 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ililazimika kuziarifu balozi zake katika nchi za Kiislamu kuwa hakusilimu. Tena mwezini hakuna hewa, na pasipo hewa sauti haisafiri. Jambo ambalo mwanafunzi wa sekondari angaliweza kuniambia.

"Kama hili ni uongo," akasema, "mangapi mengine?"

Sikuwa na jibu usiku ule ila kukiri kosa langu. Alikuwa hajasali kwa siku kumi na moja.

Wazee wengi husema kwamba intaneti inaharibu imani za vijana. Nami nimepata kuyasema hayo, tena juu ya mimbari. Lakini itazame habari hii kwa haki, ndugu msomaji. Ni nani hapa aliyesema uongo? Intaneti ilisema kweli. Aliyeeneza uongo ni mwalimu wa dini, tena kwa nia njema. Imani iliyotundikwa juu ya msumari mbovu ilianguka msumari ulipong'oka, na msumari niliupigilia mimi.

Wala jambo hili halikuanza na simu. Katika mwaka 1908, Wadachi walipokuwa wakitawala nchi hii, ilionekana Lindi barua iliyosemwa kuwa imetoka Arabuni, ambayo wanahistoria huiita Barua ya Makka. Ndani yake alisimuliwa mtu aitwaye Sheikh Ahmad, aliyekuwa Madina penye kaburi la Mtume s.a.w., kwamba alimwona Mtume s.a.w. katika ndoto, akaonywa juu ya dhambi za Waislamu na kukaribia kwa Kiyama. Mwenye kuipata barua aliamrishwa kuieneza. Basi ikanakiliwa kwa mkono, ikapita pwani ikaingia bara. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndivyo kwanza vimekwisha (1905–1907), kwa hiyo serikali ya Wadachi ikaingiwa na hofu, ikidhani ni mwito wa maasi mengine. Kumbe barua yenyewe haikuwa ngeni hata kidogo: mtaalamu wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, alikwisha kuandika juu ya barua ya namna hiyo hiyo tangu mwaka 1884. Baadaye Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia naye aliandika kuibatilisha.

Na leo? Ndoto ya Sheikh Ahmad inapita katika WhatsApp, na amri mwishoni ya kuwapelekea watu kadhaa, na ahadi ya mali kwa atakayetii na msiba kwa atakayepuuza. Yule aliyenakili kwa kalamu ya mwanzi alihitaji jioni nzima, na katika jioni nzima mtu huweza kuona haya. Sisi twahitaji kugusa kwa kidole mara moja tu. Kurani Tukufu katika Sura Al-Hujurat (49:7) inatuamuru kuipeleleza habari iletwayo na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Naye Mtume s.a.w. amefundisha kwamba yatosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alisikialo. Angalia vizuri: hakusema kila alitungalo, bali kila alisikialo. Hadithi hiyo ilinihusu mimi kabla ya kumhusu mwenye kutengeneza kanda.

Yako pia ambayo intaneti imeyarahisisha, na ni dhuluma kutoyataja. Zamani mabishano ya dini katika Kiswahili yalikwenda kwa mwendo wa posta. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa gazeti lake Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932. Gazeti la Mapenzi ya Mungu likaanza mwaka 1936. Na aliyeuliza swali katika toleo moja alingojea jibu katika jingine. Padre Godfrey Dale alichapisha tafsiri yake ya Kurani mwaka 1923, Jumuiya yetu ikatoa yake mwaka 1953, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akaitoa yake kamili mwaka 1969, yenye maelezo ya kutupinga sisi. Mtu wa Iramba aliyetaka kulinganisha maneno ya pande hizo angalihitaji nauli na marafiki wenye maktaba. Lakini tangu waya wa SEACOM upitao chini ya bahari uanze kazi Dar es Salaam katika Julai 2009, na minara ya simu kuenea vijijini, mwuza alizeti aweza kusoma upande huu na upande ule kabla basi halijaondoka. Mwenye ukweli hana sababu ya kuliogopa jambo hili.

Lakini lazima ajue kusoma. Nitatoa mfano mmoja ambao umewasumbua wengi waulizao habari zetu. Huenda umeandikiwa aya kutoka kitabu chetu, ukaitafuta katika simu, ukakuta aya nyingine. Kisha mtu akakuambia: "Waona? Wameibadili Kurani." Ukweli ni kwamba sisi huihesabu Bismillahi kuwa ni aya ya kwanza ya kila sura inapoanza nayo, na misahafu mingi haiihesabu hivyo. Kwa hiyo katika sura 112 hesabu yetu huzidi kwa moja. Katika Al-Fatiha haizidi, maana humo hata misahafu hiyo huihesabu, wala katika At-Tawba, ambayo haianzi na Bismillahi. Aya ya Al-Hujurat niliyoitaja juu utaikuta katika misahafu hiyo kwenye 49:6. Maneno ya Kiarabu ni yale yale, herufi kwa herufi. Jaribu mwenyewe usiku huu. Ni kazi ya dakika mbili.

Hali kadhalika jihadhari na vipande. Video ya nusu dakika yaweza kuyakata maneno ya Sura Al-Maun pale yanapowataja wenye kusali kwa onyo, ikaacha yanayofuata yaelezayo kwamba ni wale wanaoghafilika na sala zao. Na tambua kwamba ukurasa hukuletea kile kitakachokuzuia usiondoke, si kile kilicho sahihi zaidi. Ukitazama mara tatu watu wanaoitukana dini, mara ya nne utaletewa bila kuomba. Ukitazama mashekhe wanaokufurisha wenzao, utaletewa wengine wakali kuliko hao. Mtu akikaa hapo mwezi mzima hudhani dunia yote inasema hivyo, kumbe ni kioo tu alichowekewa mbele ya uso wake.

Tena kuna shaka na shaka. Masahaba r.a. walimwendea Mtume s.a.w. wakamwambia kwamba huwajia moyoni mambo wanayoona vibaya mno hata kuyatamka. Hakuwafukuza, aliwaambia kwamba kule kuchukizwa kwao ndiyo imani iliyo wazi. Nabii Ibrahimu a.s. alimwomba Mwenyezi Mungu amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu, ili moyo wake utulie (2:261), naye akajibiwa. Mwenye kuuliza ili atulie hafanani na mwenye kuuliza ili acheke. Kwa bahati mbaya sisi walimu huwatendea wote wawili sawasawa, na wa kwanza akikaripiwa huenda kuiuliza simu, ambayo haikaripii mtu.

Yule kijana nilimwomba alete daftari, aandike kila jambo aliloliamini kwa sababu tu mimi nilimwambia. Alirudi baada ya wiki na mambo kumi na manne. Tulikaa nje ya msikiti, simu yake na msahafu wangu kati yetu, tukalitafuta kila moja asili yake: ni aya, ni hadithi yenye sanadi, au ni maneno ya watu? Matano tuliyafuta, na mawili kati ya hayo nilikuwa nikiyapenda sana. Jambo la kumi na moja hatujalimaliza. Linahusu hadithi ambayo wataalamu wameitofautiana, nami nimemwandikia mwalimu wangu wa zamani chuoni ng'ambo, sijapata jibu.

Kijana amerudi kusali sala ya Alfajiri na ya Isha. Nyingine anasema bado anazifikiria, na daftari analo yeye.