Ndege Mmoja, Majina Mengi

Alfajiri katika mashamba ya Busibwabo, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, husikika ndege aimbaye kwa sauti tamu, naye hurudia kila neno mara mbili tatu kama mwalimu mbele ya watoto. Mgongo wake ni wa kijivu kilichochanganyika na rangi ya udongo, ubavuni ana rangi ya machungwa, na mdomo wake ni wa manjano. Wengi humwita "ndege" tu, na hapo ndipo hasara huanza. Wavulana walindao mtama humpiga kwa manati pamoja na minana na kwelea, ambao hula nafaka kweli. Huyu hula wadudu, nyungunyungu na matunda. Basi huadhibiwa kwa kosa la jirani yake!

Wataalamu humwita Turdus pelios, jina alilopewa mwaka 1850 na Bonaparte, mtoto wa ndugu yake Napoleon. Turdus ni neno la Kilatini, nalo ni jina la ukoo, ambalo Bwana Linnaeus wa Sweden aliliandika mwaka 1758. Pelios ni la Kigiriki, maana yake rangi ya mahali palipovilia damu. Jina hili ni lile lile Busia, Malaba, Kampala hata Senegal. Halihitaji pasi mpakani.

Ndugu yake wa Ulaya ni Turdus philomelos, aliyepewa jina na Mjerumani Brehm mwaka 1831. Philomela ni binti wa hadithi za Wayunani aliyegeuzwa kuwa ndege. Ndege huyo ana kifua cha madoadoa, naye huvunja konokono kwa kuwapiga juu ya jiwe. Waingereza wenyewe wamemwita kwa majina matatu: song thrush, throstle na mavis, kwa hiyo tusidhani kwamba sisi peke yetu tunatatanishwa na majina. Huko Nairobi bustanini yuko ndugu mwingine, Turdus abyssinicus, mwenye tumbo la rangi ya machungwa.

Kabla ya kuvuta manati, mtazame mdomo. Mla nafaka ana mdomo mfupi, mnene, wa kupasulia mbegu. Huyu mdomo wake ni mwembamba, naye huonekana chini akipekua majani makavu, wala hapandi juu ya masuke.