Chakula cha Mbwa na Paka: Dhana Tatu za Kuchunguzwa

Kando ya Ziwa Viktoria, katika maeneo ya Musoma, Bunda na Butiama, mbwa na paka wengi hulishwa makombo ya nyumbani: ugali, dagaa na vichwa vya samaki. Kuhusu ulishaji huo zipo dhana tatu zinazostahili kuchunguzwa.

Dhana ya kwanza ni kwamba kimfaacho mbwa humfaa na paka. Mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, naye amepata uwezo mkubwa wa kumeng'enya wanga. Ugali uliochanganywa na dagaa wa kutosha waweza kumfaa. Paka ni mla nyama halisi. Mwili wake hauwezi kutengeneza taurini ya kutosha, nayo haipatikani katika nafaka wala muhogo, bali katika nyama na samaki. Mwaka 1975 wanasayansi wa Marekani walionyesha kwamba upungufu wa taurini huharibu macho ya paka. Mwaka 1987 ikaonekana kwamba hudhoofisha pia moyo wake. Paka kipofu hawezi kulinda ghala dhidi ya panya.

Dhana ya pili ni kwamba mahindi yaliyoota ukungu, yasiyofaa kwa watu, yafaa kwa mbwa. Baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Kupika hakuiondoi. Mwishoni mwa mwaka 2005 mbwa wengi walikufa Marekani kwa kula chakula cha kiwandani chenye sumu hiyo.

Dhana ya tatu ni kwamba maini na mapafu mabichi yaliyotupwa wakati wa kuchinja hayana madhara kwa mbwa wala kwa watu. Viungo hivyo vya mbuzi, kondoo au ng'ombe vyaweza kuwa na vifuko vya tegu. Mbwa akivila, tegu hukua utumboni mwake, na mayai hutoka pamoja na kinyesi. Mtu akiyameza mayai hayo, huota uvimbe wenye maji katika ini au mapafu. Ugonjwa huu umeonekana miongoni mwa wafugaji wa Turkana, Kenya, na wa kaskazini mwa Tanzania. Kuchemsha viungo hivyo barabara huua tegu. Vilivyo na vifuko vichomwe au vifukiwe kwa kina.

Maswali
1. Kwa nini ugali mtupu humdhuru paka upesi kuliko mbwa?
2. Chora mzunguko wa maisha ya tegu, kisha onyesha mahali unapoweza kukatwa.