Somo la Kikundi: Kwa Nini Mbolea Huunguza Mche

Msimu wa kupalilia unapofika, malalamiko ya namna moja huletwa mbele ya halmashauri za vyama vya msingi. Mwanachama alichukua mbolea kwa mkopo, akaitia shambani, na baada ya siku chache mahindi yake yakanyauka, kingo za majani zikageuka rangi ya kahawia kana kwamba zimepitiwa na moto. Hukumu hutolewa upesi: mbolea ya chama ni mbovu. Mkutano hugawanyika, katibu hutazamwa kwa jicho la shaka, na wakati wa malipo ya mazao mkulima hugundua kwamba deni la pembejeo halikunyauka pamoja na mahindi.

Kabla ya lawama, yafaa wanachama waelewe jambo moja la elimu ya mimea liitwalo osmosisi. Wanafunzi wa sekondari hulichunguza kwa kiazi na maji ya chumvi, na kikundi chochote cha wanachama chaweza kufanya vivyo hivyo katika ofisi ya chama.

OSMOSISI NI NINI?

Mwili wa mmea umejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Kila seli ina utando mwembamba unaopitisha maji kwa urahisi, lakini unaozuia kwa kiasi kikubwa sukari na chumvi zilizoyeyuka. Maji huelekea upande wa utando wenye vitu vingi zaidi vilivyoyeyuka. Mwendo huo wa maji ndio osmosisi.

Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alifunika chombo chenye kileo kwa kibofu cha nguruwe, akakitumbukiza majini. Maji yaliingia hata kibofu kikatuna. Mama jikoni naye huona jambo la namna hiyo atiapo chumvi katika vitunguu vya kachumbari: vitunguu hulegea na maji hujikusanya bakulini, ingawa hakuna aliyeyatia.

VIFAA

Kiazi mviringo kikubwa kibichi, kisu, rula, maji safi, chumvi ya mezani, mbolea ya CAN, na makopo matatu ambayo hayatatumika tena kwa chakula. Mizani ya kupimia mazao haifai, kwa kuwa haisomi uzito mdogo namna hiyo. Rula na vidole vyatosha.

UTARATIBU

1. Kiazi kimenywe, kisha vikatwe vipande vitatu vyenye urefu wa sentimita 5 na unene wa sentimita 1. Vyote vitoke katika kiazi kimoja, ili tofauti itakayoonekana isitokane na kiazi chenyewe.
2. Kila kopo litiwe maji kiasi cha bilauri moja. Kopo la kwanza libaki na maji matupu. La pili litiwe vijiko viwili vya chai vya chumvi. La tatu litiwe kijiko kimoja kikubwa cha mbolea. Yakorogwe vizuri.
3. Kila kopo litiwe kipande kimoja, nayo makopo yaachwe kwa saa tatu au zaidi.
4. Vipande vitolewe, vifutwe, vipimwe kwa rula na kukunjwa taratibu kwa vidole. Kisha vitupwe, visilishwe mifugo.

MATOKEO

Kipande cha maji matupu huwa kigumu, huelekea kurefuka kidogo, na kikikunjwa huvunjika. Vipande vya maji ya chumvi na ya mbolea hulegea, hufupika, na hukunjika kama mpira bila kuvunjika.

MAANA YAKE

Ndani ya seli za kiazi mna sukari na chumvi kidogo. Katika maji matupu, maji yaliingia ndani na seli zikajaa. Katika makopo mengine nje kulikuwa na chumvi nyingi kuliko ndani, kwa hiyo maji yakatoka. Mbolea ya CAN ikiyeyuka hutenda sawasawa na chumvi ya jikoni.

Mzizi wa mhindi hauna sheria nyingine. Mbolea ikirundikwa karibu na shina katika udongo mkavu, unyevu mdogo uliopo hugeuka maji makali. Mzizi hushindwa kunywa, hata hunyang'anywa maji uliyokuwa nayo. Ndiyo sababu mche huonekana kufa kwa kiu katikati ya chakula chake.

SHAMBANI

Mbolea ya kupandia ipimwe kwa kisoda, ifunikwe kwa udongo, ndipo mbegu iwekwe juu yake. Mbolea ya kukuzia itiwe udongo ukiwa na unyevu, kiasi cha sentimita 10 kutoka kwenye shina, wala isidondokee katikati ya majani. Dalili za kuungua zikionekana mapema, mche umwagiliwe maji mengi ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Seli zilizokwisha kufa hazifufuki.

Somo hili halisemi kwamba kila mfuko wa mbolea ni mwema. Linasema shauri lichunguzwe kabla ya kuamuliwa. Halmashauri iende shambani itazame: je, mbolea imegusa shina? Je, miche iliyotiwa mbali kidogo imestawi? Je, jirani aliyetumia mbolea ya shehena ileile amepata hasara? Ikiwa wote walioitia kwa utaratibu wamepata hasara, mfuko na lebo yake vihifadhiwe, na sampuli ipelekwe kupimwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mchicha uliolegea sokoni hurudia uimara wake ukinyunyiziwa maji?
2. Kwa nini mimea ya shamba lenye udongo wa chumvi hunyauka hata udongo ukiwa umelowa?
3. Chama kifanye nini ili kila mwanachama apewe maelezo ya matumizi siku ileile anapotia sahihi ya mkopo wa mbolea?