Sebule Baridi, Chumba cha Kulala Tanuri: Kusawazisha Hewa Nyumbani Athi River

Kijitabu hiki ni cha wakazi wa nyumba zinazozunguka EPZ ya Athi River, hasa wanaofanya shifti ya usiku viwandani na kulazimika kulala mchana jua likiwa utosini. Kuanzia Januari hadi Machi usingizi huo huwa wa shida. Wengi hukimbilia kununua kiyoyozi kikubwa zaidi. Kabla hujatoa pesa, angalia hewa inaingilia wapi, inatokea wapi, na nini kinaizuia.

Anza na vumbi

Mji wetu ni mji wa saruji. Viwanda, machimbo ya mawe na malori ya Barabara ya Mombasa hutimua vumbi laini ambalo hulioni mpaka upitishe kidole dirishani. Kiyoyozi nacho hulivuta. Kazi yake ni kunyonya joto la chumbani na kulitoa kupitia kile kisanduku cha nje, na joto hilo linakifikia kiyoyozi likiwa ndani ya hewa inayopita kwenye filta. Filta ikiziba, hewa hupungua, mabomba ya ndani hupoa kupita kiasi na kushika barafu, kisha maji huchuruzika ukutani. Chumba hakipoi, lakini tokeni zinaisha.

Kuiosha ni kazi yako, si ya fundi. Zima swichi ya ukutani, fungua kifuniko cha mbele, chomoa filta taratibu. Usiikimbize kwenye mfereji: vumbi lenye saruji likilowa huganda kwenye matundu. Ikung'utie nje na uisugue kwa brashi laini ikiwa bado kavu. Ndipo uioshe, maji yakipigia upande wa nyuma ili uchafu urudi ulikotoka. Ianike kivulini, uirudishe ikiwa imekauka kabisa. Wakati wa kiangazi, kila wiki mbili si mapema mno. Kisanduku cha nje pia kinataka nafasi. Kukiegemezea magodoro au madebe ni kukiziba pua.

Chumba kimoja baridi, kingine moto

Kiyoyozi hupima joto pale kinapovutia hewa. Ukiweka friji chini yake, kitapima joto la friji na kuendelea kunguruma bila sababu. Kabati au pazia likiwa mbele yake, baridi hugonga na kurudi palepale. Mashine hudhani chumba kimepoa na kupumzika mapema, nanyi mnatokwa jasho kwenye makochi. Elekeza mabawa yake juu, kwa kuwa hewa baridi hushuka yenyewe.

Kushusha rimoti hadi nyuzi 16 hakupeleki baridi chumba cha pili. Mlango uliofungwa hadi sakafuni ndio kikwazo. Weka nyuzi 24 hadi 26, acha mlango wazi, na kama haitoshi, weka feni mlangoni isukume hewa ndani ya chumba hicho cha pili. Feni ya kawaida hula wati 50 hadi 75. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinaweza kula wati 1,000 na zaidi.

Wenye chumba kimoja cha mabati

Tuko mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wetu hupoa. Hiyo ni baridi ya bure. Joto la mabati hujikusanya juu, hivyo tundu karibu na paa, lenye wavu, husaidia kuliko dirisha moja la chini. Jioni geuza feni itazame nje dirishani huku mlango au tundu jingine likiwa wazi: itatoa hewa moto na baridi itaingia yenyewe. Asubuhi funga, teremsha pazia. Mwenye ploti akiweka silingi na tundu hilo, amewafaa wapangaji wake kuliko akipaka rangi.

Fundi wa gesi

Gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayerudi kila baada ya miezi michache "kuongeza gesi" bila kutafuta tundu anakuuzia gesi utakayoendelea kuipoteza. Isitoshe, mashine za zamani hutumia gesi ya R22, inayoharibu tabaka la ozoni na inayoondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Mwambie atafute tundu na kuliziba kwanza, ukiwa umesimama hapo ukitazama, ndipo ajaze.